Counsell alitolewa na mbinu zake mwenyewe

Usiku wa Oktoba 11, 2025, kwenye uwanja wa American Family Field mjini Milwaukee, Craig Counsell alikaa kwenye benchi la wageni akitazama msimu wake ukizimika. Chicago Cubs anaowafundisha walifungwa 3-1 na Milwaukee Brewers katika mchezo wa tano, ule wa kufa na kupona, na mbio zao za ubingwa wa besiboli wa Marekani zikaishia hapo. Katika mtoano huo wa timu mbili jirani, jina lake lilipokuwa likitangazwa Milwaukee, uwanja ulimzomea, na huo ndio uwanja alioufanyia kazi kwa karibu miaka tisa kabla ya kuhamia Cubs kwa mkataba wa dola milioni 40. Novemba 2025, Pat Murphy, aliyekuwa msaidizi wake Milwaukee na aliyerithi kiti chake huko, akatangazwa Meneja Bora wa Ligi ya Taifa, mojawapo ya ligi mbili zinazounda ligi kuu ya besiboli, kwa mwaka wa pili mfululizo. Hadithi ikajiandika yenyewe: msaliti kalipwa stahili yake, mtu wa dola milioni 40 kazidiwa kete na msaidizi wake, na pesa kumbe si kila kitu.

Ni hadithi tamu, lakini ushahidi wake ukiupanga vizuri unaelekea upande mwingine. Ninavyouona mtoano ule, Brewers walimtoa Counsell kwa nyenzo ambazo sehemu kubwa aliziacha yeye mwenyewe, na zile dola milioni 40 zinazosemwa kana kwamba ni bei ya moyo wake, zilikuwa marekebisho ya mshahara wa kazi iliyokuwa ikilipwa kidogo kwa miaka mingi. Anayemcheka Counsell leo anacheka akiwa amekaa upande wa wamiliki wa klabu. Wengi wanaocheka hawajui kwamba ndipo walipokaa.

Kwa msomaji aliyekulia kwenye soka, neno meneja linaweza kumpoteza. Meneja wa besiboli ndiye kocha mkuu, na kwa desturi ya ajabu kidogo huvaa sare za timu kama wachezaji, hata akiwa babu. Lakini mamlaka yake si yale ya kocha wa soka. Hasajili mchezaji, hauzi mchezaji, na hana mfumo wa kuuchora ubaoni ukabadilisha sura ya timu nzima kwa wiki mbili. Usajili ni wa ofisi ya juu, na siku hizi ofisi hiyo ina wataalamu wa takwimu wanaojua mpigaji fulani anateswa na mpira wa aina gani. Meneja anabaki na orodha ya wapigaji wa siku hiyo, na uamuzi wa lini amtoe mrushaji aliyechoka na amwingize nani. Zaidi ya yote anabaki na kazi ya kuishi na wanaume 26 kwa michezo 162 ndani ya miezi sita, karibu kila siku, bila chumba cha kubadilishia nguo kugeuka uwanja wa vita. Hiyo ya mwisho haina takwimu, na hapo ndipo ubishi wote kuhusu thamani yake unapoanzia.

Counsell hakuwa mgeni aliyekuja Milwaukee kutafuta riziki. Alikulia Whitefish Bay, kitongoji cha mji huo, na baba yake aliwahi kuwa mfanyakazi wa klabu ya Brewers. Kama mchezaji alichukua ubingwa akiwa na Florida Marlins mwaka 1997 na Arizona Diamondbacks mwaka 2001, akarudi kumalizia maisha yake ya uchezaji nyumbani, na Mei 2015 akakabidhiwa timu. Aliiongoza hadi mwisho wa msimu wa 2023 na kuvuna ushindi 707, ambao hakuna meneja mwingine wa Brewers aliyeufikia. Aliwaingiza kwenye mchujo mara tano ndani ya misimu sita, kutoka katika mji ambao soko lake la televisheni ndilo dogo kuliko yote kwenye ligi kuu. Kisha mkataba wake ukaisha. Alizungumza na New York Mets na Cleveland Guardians, na watu wakadhani ataangukia huko. Novemba 2023 ikatangazwa kwamba anakwenda Chicago, mwendo wa kama saa moja na nusu kwa gari, kwa miaka mitano na dola milioni 40. Cubs walimfungashia virago David Ross, ambaye bado alikuwa na mkataba, ili kumpisha. Kule Whitefish Bay, bango la uwanja wa watoto uliopewa jina la Counsell likachafuliwa kwa matusi. Mmiliki wa Brewers, Mark Attanasio, akasema kwamba Counsell ndiye aliyewapoteza wao, na ameipoteza jamii yake.

Aliporudi mara ya kwanza akiwa na jezi ya Cubs, Mei 27, 2024, alizomewa na akafungwa. Msimu ulipoisha, tarakimu zikawa kama zimetungwa na mtu mwenye utani mkali. Ross alikuwa amefukuzwa Chicago baada ya kushinda michezo 83 mwaka 2023. Counsell, kwa mshahara wake mnono, alishinda 83. Brewers, walioshinda 92 katika mwaka wake wa mwisho, walishinda 93 chini ya Murphy, na mwaka 2025 wakashinda 97, ambao ulikuwa ushindi mwingi kuliko wa timu yoyote ya ligi kuu. Mwaka huo huo Counsell naye aliwapandisha Cubs hadi 92, ile ile aliyoiacha Milwaukee, ila safari hii ilimpa nafasi ya pili tu nyuma ya nyumba aliyoihama.

Nianze na hoja ninayoiona dhaifu kuliko zote, ile ya usaliti. Wanaoishikilia wanasema mtoto wa nyumbani hahamii kwa mtani wa jadi, na kama ni pesa angekwenda New York, mbali na macho yao. Hisia hiyo naielewa. Anayejua chochote kuhusu Cubs na Brewers anajua kwamba mashabiki wa Chicago huvuka mpaka wa jimbo kwa maelfu na kuujaza uwanja wa Milwaukee, hadi wenyewe wanautania kama tawi la kaskazini la Wrigley Field, uwanja wa Cubs. Ukiwa mnyonge, kinachokuuma zaidi ni jirani tajiri kuja kukaa kwenye kiti chako. Lakini hisia haigeuki hoja kwa kupigiwa kelele. Counsell hakuvunja mkataba, alimaliza aliousaini. Klabu yenyewe ilimuuza Josh Hader, mrushaji wake wa kufunga michezo, yaani wa kuumalizia mchezo timu ikiwa inaongoza, kwa San Diego Padres katikati ya msimu wa 2022 wakati timu ikiongoza kundi lake. Februari 2024 ilimpeleka Corbin Burnes, mrushaji bora wa Ligi ya Taifa wa 2021, kwa klabu ya Baltimore. Wote wawili waliondolewa kwa sababu mishahara yao ilikuwa inapanda kuliko klabu ilivyotaka kulipa. Hakuna aliyeandika tusi kwenye bango la ofisi. Klabu ikiuza mtu tunaita hesabu, mtu akijiuza mwenyewe baada ya mkataba kuisha tunaita usaliti.

Kuna pia historia ambayo Milwaukee haipendi kukumbushwa. Mji ule uliwahi kuwa na Braves, waliotoka Boston mwaka 1953, wakaupa ubingwa mwaka 1957, kisha wakafungasha baada ya msimu wa 1965 na kwenda Atlanta kufuata pesa za televisheni. Kidonda hicho bado kipo kwa wazee wa pale, na nadhani sehemu ya kuzomea kule ni ya Braves, Counsell ameipokea tu kwa niaba. Lakini Brewers wenyewe walipatikanaje? Walikuwa Seattle Pilots, klabu iliyocheza msimu mmoja tu huko Seattle, ikafilisika, ikanunuliwa na kuhamishiwa Milwaukee mwaka 1970 siku chache kabla ya msimu kuanza. Mji ulioonja uchungu wa kuachwa ulijiponya kwa kuuachia mji mwingine uchungu huo huo. Silaumu, ndivyo biashara ile ilivyo tangu zamani. Ninachosema ni kwamba uaminifu kwa mji haukuwahi kuwa sheria ya besiboli, ila unakumbukwa anapohama mfanyakazi.

Hoja ya pili ni nzito, na siwezi kuipita kwa kejeli. Inasema hivi: tuyaache ya moyo, tuangalie kazi. Kama timu iliyoachwa imeshinda 93 kisha 97, na ikavuka mzunguko wa mchujo kwa mara ya kwanza tangu 2018, basi Counsell hakuwa na umuhimu uliosemwa. Na kumbukumbu zake za mchujo zinamshtaki. Baada ya kufika mchezo wa saba wa fainali ya Ligi ya Taifa mwaka 2018 na kutolewa na Los Angeles Dodgers, alitolewa mapema mwaka 2019, 2020, 2021 na 2023. Murphy amemaliza ukame huo katika jaribio lake la pili, tena dhidi ya Counsell mwenyewe. Mwenye hoja hii akikuuliza dola milioni 40 zimenunua nini, huwezi kumjibu kwa historia ya Seattle Pilots.

Jibu lake liko ndani ya mchezo wa tano. Nilikesha kuutazama, kwa saa zetu ilikuwa usiku wa manane kuelekea alfajiri, na kilichonikaa akilini ni namna Murphy alivyowatumia warushaji wake. Hakuanza na mrushaji wa kawaida wa kuanzia. Alimtanguliza Trevor Megill, ambaye kazi yake ni kufunga michezo, kwa awamu moja tu kati ya tisa za mchezo. Kisha akamleta Jacob Misiorowski, kijana anayerusha mpira kwa kasi inayozidi kilomita 160 kwa saa, akamwachia awamu nne. Baada yake wakafuata wengine kwa zamu, na Abner Uribe akafunga kazi. Cubs walipata mkimbio mmoja tu, yaani pointi moja, Seiya Suzuki alipoupiga mpira ukavuka uzio. Kwa upande wa pili William Contreras, Andrew Vaughn na Brice Turang walivusha mmoja mmoja, ikawa tatu kwa moja.

Sasa rudi Oktoba 2018. Dhidi ya Dodgers, katika mchezo wa tano wa fainali ya Ligi ya Taifa, meneja mmoja alimpanga Wade Miley kuanza, akamwacha akabiliane na mpigaji mmoja tu, akamtoa na kumwingiza Brandon Woodruff. Dodgers walikuwa wamepanga wapigaji wao kwa ajili ya mrushaji wa mkono wa kushoto, ghafla wakakuta wa kulia. Siku mbili baadaye Miley akaanza tena, safari hii kwa kweli, na Brewers wakashinda. Mwaka ule timu ilikuwa imeacha kuwaita watu wake warushaji wa kuanzia na wa akiba. Kila mmoja alikuwa mtu wa kuwatoa wapigaji, aitwe saa yoyote. Meneja huyo alikuwa Counsell, na aliyekaa pembeni yake kwenye benchi la ufundi alikuwa Murphy. Klabu ndogo isiyoweza kununua warushaji watano wa bei ghali ilijifunza kuugawa usiku vipande vipande, ikawafundisha vijana wake kuikubali kazi hiyo bila kununa, na miaka saba baadaye ikamtoa mwalimu wake kwa somo lile lile. Counsell naye siku hiyo alifanya vivyo hivyo: alimwanzisha Drew Pomeranz, mrushaji wa akiba, na Contreras akamuadhibu kwenye awamu ya kwanza. Benchi zote mbili zilikuwa zinasoma daftari moja. Tofauti ni kwamba Brewers walikuwa na mikono mingi ya kurusha kwa kasi, na mikono hiyo ni kazi ya ofisi ya juu, ya David Stearns kwanza na Matt Arnold baadaye.

Na Murphy ni nani hasa? Magazeti yanampenda kwa vituko vyake, ikiwemo kula chapati za maji za Kimarekani alizozificha mfukoni wakati wa mchezo. Huyu ndiye aliyemfundisha Counsell besiboli ya chuo kikuu pale Notre Dame, kabla ya mwanafunzi kumwita mwalimu wake aje kuwa msaidizi tangu 2016. Kwa hiyo anayesema msaidizi kamzidi bosi anaruka nusu ya habari. Mwalimu, mwanafunzi, kisha mwalimu tena, wamepokezana timu moja kwa miaka kumi. Ukichukua ushindi wa Murphy ukautumia kuthibitisha kwamba Counsell hakufanya lolote, unapaswa ueleze utamaduni ule Murphy aliukuta wapi. Ushindi mara 14 mfululizo uliovunja rekodi ya klabu Agosti 2025 haukuota kama uyoga.

Lakini hoja hii inanikata na mimi, na ni haki niikubali. Kama kazi ya meneja inaendelea kuishi baada yake kiasi hiki, basi anayemnunua meneja hanunui kazi hiyo, ilishabaki alikotoka. Cubs walikuwa na haki ya kutegemea zaidi ya 83 ile ya mwaka wa kwanza. Na meneja bora duniani hawezi kumgeuza mpigaji wa kawaida kuwa Suzuki. Kwa hiyo simtetei Counsell kwa kusema kwamba analeta ushindi wa dola milioni 40. Hakuna anayeweza kupima hilo, na anayedai amepima anauza kitu.

Ninamtetea kwa hesabu nyingine. Mwaka 2014 Cubs hao hao walimpa meneja Joe Maddon miaka mitano kwa dola milioni 25, na kwa wakati ule ilionekana kufuru. Karibu muongo mmoja ukapita, mishahara ya wachezaji ikapaa, na ya mameneja ikabaki imelala. Cubs wenyewe Desemba 2022 walimsaini Dansby Swanson, mchezaji mzuri ambaye hakuna anayemwita bora kuliko wote, kwa dola milioni 177 kwa miaka saba. Sababu ya tofauti hiyo inajulikana. Wachezaji wana chama chao, kilichopewa meno na Marvin Miller kuanzia 1966, na uamuzi wa msuluhishi wa Desemba 1975 katika kesi ya Andy Messersmith na Dave McNally ukawafungulia mlango wa kuuza huduma zao kwa anayetoa dau kubwa. Waamuzi wana chama. Mameneja hawana. Kila mmoja anaingia peke yake kwenye chumba cha mmiliki, bila kima cha chini wala mwenzake wa kumshika mkono, na mara nyingi akiwa mtu aliyekulia kwenye klabu hiyo na anayeona aibu kudai. Counsell aliingia akiwa na mkataba uliokwisha, sifa njema na klabu kadhaa zikimsubiri mlangoni. Akauliza bei na akasubiri jibu, kama wachezaji wanavyofanya kila mwaka bila kutukanwa.

Matokeo yake yameonekana kwa wengine. Julai 2024 meneja Alex Cora alisaini na Boston Red Sox miaka mitatu kwa dola milioni 21.75. Machi 2025 Dave Roberts wa Dodgers alipata miaka minne kwa dola milioni 32.4, na kwa wastani wa mwaka akampita Counsell. Roberts ana makombe, sikatai. Lakini makombe mawili alikuwa nayo kwenye kabati, la 2020 na la 2024, na aliyemfungulia ukurasa wa milioni 8 kwa mwaka alikuwa mtu asiye na kombe hata moja kama meneja. Hata Murphy, mkataba wake ujao ukijadiliwa, atakaa mezani akiwa na namba ambayo mwanafunzi wake aliiweka. Hapo ndipo kauli ya Attanasio kuhusu jamii inaponipa shida. Ukiondoa majonzi yake, ambayo naamini ni ya kweli, inabaki kauli ya mwajiri anayemkumbusha mfanyakazi kwamba ni wa nyumbani pale inapofika saa ya kujadili mshahara.

Wapenzi wa Milwaukee wana malalamiko ya haki, ila wameyaelekeza kwa mtu aliye karibu. Besiboli ya Marekani haina kikomo cha mishahara ya timu, na mapato ya televisheni ya mji mkubwa kwa sehemu kubwa yanabaki mji mkubwa. Siku chache baada ya kumtoa Counsell, Brewers waliingia fainali ya Ligi ya Taifa dhidi ya Dodgers, klabu iliyokuwa ikiwalipa wachezaji wake zaidi ya mara mbili ya walivyolipa wao, wakafagiliwa michezo minne kwa sifuri. Hakukuwa na mtoto wa nyumbani wa kumzomea kwenye benchi la Dodgers. Mkataba wa pamoja kati ya wamiliki na chama cha wachezaji unakwisha Desemba 1, 2026, na wamiliki wengi wanataka kikomo cha mishahara. Watatumia miji kama Milwaukee kama sura ya madai yao. Wapo watakaoamini kwamba kikomo kitamlinda mnyonge, na kwa sehemu huenda ni kweli, kwa kuwa ligi nyingine kubwa za Marekani zina vikomo na miji midogo huchukua makombe. Lakini kikomo kinazuia tu anachopewa mchezaji. Kinachobaki kwa mmiliki hakiguswi, isipokuwa kama mgao wa mapato nao umejadiliwa kwa nguvu ile ile.

Sisemi waache kumzomea. Kuzomea ni sehemu ya tiketi, na José Mourinho alipokwenda Stamford Bridge na Manchester United Oktoba 2016, akafungwa nne kwa nunge, hakuna aliyetaka Chelsea wamwonee huruma. Mnazi wa timu hana wajibu wa kuwa mchambuzi. Sisi tunaoandika ndio tunaotakiwa kutofautisha kelele za jukwaani na maelezo ya kilichotokea.

Mkataba wa Counsell unakwenda hadi 2028, na kwa ratiba ya sasa timu za kundi moja hukutana mara 13 kwa msimu. Atarudi Milwaukee michezo sita au saba kila mwaka. Atakapotoka kwenye benchi kumpokonya mpira mrushaji wake katika awamu ya tatu, kelele zitaanza tena, na ng'ambo ya uwanja Murphy atakuwa ameshapiga simu kwa warushaji wake wa akiba wajiandae.